Betri "kavu" ina maji makali: tahadhari kwa wenye sola na mafundi wao

Niliitwa kwenye zahanati moja ya kijijini ambako taa za wodi ya wazazi zilikuwa zinazimika saa tatu usiku. Betri nne zilipangwa ndani ya kabati la mbao, juu bati, mlango umepigwa kufuli ili zisiibiwe. Nilipofungua nikapokelewa na harufu ya yai viza. Mbili zilikuwa zimevimba ubavuni kama mkate uliozidiwa hamira. Ya tatu fundi alikuwa ameshaichokonoa kwa bisibisi, kang'oa kifuniko cha juu na kumimina maji ya bomba.

"Nilikuwa naifufua, mwalimu," akasema. "Si betri kavu hii?"

Jina hilo la dukani ndilo linalotuponza. Betri hizi zisizofunguliwa, za sola, za alamu, za kompyuta za ofisini, ni ndugu wa damu wa betri ya gari. Ndani yake mna sahani za risasi na asidi ya salfa, mpangilio uleule aliobuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Tofauti ni kwamba asidi haichezichezi: imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo, au imegandishwa ikawa jeli. Betri ikichajiwa, oksijeni inayozaliwa upande wa chanya hupenya hadi upande wa hasi na kurudi kuwa maji. Kwa hiyo haidai kuongezwa maji.

Chini ya ule mfuniko wa plastiki, betri ya volti 12 ina vikofia sita vya mpira, kimoja kwa kila seli. Hizo ndizo vali. Presha ikizidi zinaachia gesi kidogo, kisha zinajifunga. Ukizing'oa, hewa ya nje inaingia na kuzimaliza sahani za hasi, na kama presha ilikuwa juu, matone ya asidi yanakurukia usoni. Maji ya bomba nayo yanaingiza chumvi ambazo betri haitaki. Iliyokauka kiasi cha kutamaniwa maji imeshakufa, ibadilishwe tu.

Kuvimba hakuji kwa bahati mbaya. Nyingi za betri hizi, zikiwa kwenye joto la nyuzi 25, zinataka volti 13.5 hadi 13.8 zikishajaa na kusubiri kutumika. Joto likipanda, volti hizo inabidi zishuke. Chini ya bati la Dodoma au Tanga saa nane mchana, kabati lililofungwa linapita nyuzi 40 bila shida, wakati chaja isiyopima joto inaendelea kusukuma kiwango kilekile. Betri inapata joto, kwa joto hilo inavuta umeme zaidi, na kwa umeme huo inazidi kuchemka. Hata isipofika huko, kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri wake karibu nusu. Chaja ya gereji iliyotengenezwa kwa betri za kuongeza maji haifai hapa hata kwa saa moja.

Betri inayochajiwa kupita kiasi inatoa haidrojeni. Gesi hii haina harufu, ni nyepesi kuliko hewa, inajikusanya darini, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inalipuka kwa cheche moja. Ile harufu ya yai viza ni gesi nyingine, nayo ni sumu. Ikiwa nyingi, pua inaizoea na kuacha kuisikia, kwa hiyo harufu ikipotea usiamini kwamba hatari imeondoka. Ukiikuta, fungua milango, kata umeme wa paneli kwenye swichi iliyo mbali na betri, toa watu, ngoja ipoe. Usikimbilie kufungua klempu, maana cheche itatokea palepale penye gesi. Na betri chini ya kitanda, kama nilivyoona kwenye nyumba nyingi, hapana.

Kidole changu cha pete kina kovu la duara. Nilikuwa bado najifunza kazi: spana ya 13 ikagusa kichwa cha chanya na fremu ya chuma kwa pamoja, pete ikiwa imelalia spana. Betri ya ampea 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea elfu moja. Volti 12 haziui kwa kutetemesha, lakini zinachomelea. Vua pete, saa na mkufu, zungushia spana utepe wa umeme hadi karibu na mdomo wake. Zima vifaa, kata paneli, ndipo ufungue waya wa hasi. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Fyuzi ikae karibu na kichwa cha chanya, si kule kwenye inveta.

Betri yenyewe ina kilo kama 30, ibebeni wawili. Maji makali yakikuingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Usipake mafuta wala maziwa.

Linaloniudhi zaidi ni linalofuata betri ikishakufa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia. Ndiyo sababu watu wanazivunja uani wakamwage asidi mtaroni, waiyeyushe risasi kwenye sufuria na kuwauzia wavuvi chubwi. Vumbi lake linakaa ardhini miaka mingi. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Mombasa, Owino Uhuru inajulikana kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa ubavuni mwa nyumba za watu. Mtoto anafyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Mnunuzi wa vyuma chakavu akija, mwombe kibali cha taka hatarishi. Hana, usimuuzie, hata akipandisha bei.

Zile nne za zahanati tulizibandika utepe vichwani, tukazisimamisha kwenye kreti la plastiki na kuzipeleka kwa mwenye kibali. Kabati lilitobolewa matundu juu na chini, likahamishiwa upande wa kivuli. Siku ya tatu fundi akanipigia simu: shati lake limetoka kufuliwa likiwa na vitundu kifuani kama limeliwa na mende. Siku ile, aliniapia, hakuona hata tone.