Vinasaba vya Ng'ombe na Hatari ya Kupata Ugonjwa wa Kichaa

Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na tangu hapo ng'ombe zaidi ya 180,000 wamethibitishwa kuugua nchini humo. Chanzo kikuu kilikuwa chakula kilichochanganywa na unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenye maambukizi. Hata hivyo, katika makundi mengi yaliyolishwa chakula hicho waliugua ng'ombe wachache tu, na wengine wakabaki wazima. Kiasi alichokula kila mnyama kilichangia tofauti hiyo, lakini vinasaba navyo vina sehemu yake.

Kinachosababisha ugonjwa huu ni prioni, ambayo si kirusi wala bakteria. Ni protini ya kawaida ya mwili, inayopatikana kwa wingi katika ubongo, ambayo imekunjika vibaya na ambayo, ikikutana na zilizo nzima, huzifanya nazo zikunjike vivyo hivyo. Protini hiyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo PRNP.

Kwa kondoo, mabadiliko madogo katika protini yenyewe huamua kwa kiasi kikubwa nani ataugua skrepi, yaani ugonjwa wa prioni wa kondoo, ndiyo maana Ulaya iliweza kuchagua madume wa mbegu wenye kinga. Kwa ng'ombe haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba ng'ombe waliougua walikosa, mara nyingi zaidi kuliko wazima, kipande cha besi 23 (besi ni kama herufi zinazounda maelekezo ya jeni) katika sehemu inayoongoza utendaji wa jeni hiyo. Kipande kingine cha besi 12, kilicho jirani, nacho kimehusishwa na hatari hiyo. Inaelekea kwamba vipande hivyo visipokuwepo, jeni hufanya kazi kwa nguvu zaidi na protini huongezeka. Lakini nisieleweke vibaya: ng'ombe mwenye vipande vyote viwili bado anaweza kuugua, na mfugaji asiuziwe mbegu kwa ahadi ya kinga.

Kuna pia kisa cha nadra. Ng'ombe aliyegunduliwa Alabama, Marekani, mwaka 2006, akiwa na aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa huu, alikuwa na badiliko katika protini yenyewe, linalofanana na lile linalosababisha ugonjwa wa prioni wa kurithi kwa binadamu. Ndama wake alikutwa amelirithi.

Aina hizo zisizo za kawaida huonekana zaidi kwa ng'ombe wazee, hata pasipo chakula chenye maambukizi. Kwa hiyo ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe waliokomaa huondolewa machinjioni, na marufuku ya kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa inaendelea hata pale ambapo ugonjwa umepungua sana.