Obediencia debida: utii uliogeuzwa kinga mahakamani

Katika sheria za kijeshi za Amerika ya Kihispania, obediencia debida ni utii ambao askari anadaiwa na mkubwa wake. Hoja yake ni kwamba anayepokea amri hana nafasi ya kuipima, hivyo jinai ikitendeka, wa kujibu ni aliyeamuru. Nchini Argentina hoja hiyo ilivutwa hadi mwisho wake.

Wanajeshi waliitawala nchi hiyo kuanzia Machi 1976 hadi Desemba 1983. Tume iliyochunguza baadaye iliorodhesha karibu watu 9,000 waliopotezwa. Watetezi wa haki za binadamu husema walifika 30,000. Utii ulivyofanya kazi huonekana vizuri katika safari za ndege za jeshi la majini. Waliofungiwa ESMA, chuo cha mafundi wa jeshi hilo jijini Buenos Aires, waliambiwa wanahamishiwa kusini na ni lazima wachanjwe kwanza. "Chanjo" ilikuwa dawa ya usingizi. Ndani ya ndege walidungwa tena, wakavuliwa nguo, wakasukumwa baharini wangali hai. Adolfo Scilingo, afisa mstaafu aliyekiri hadharani mwaka 1995, alieleza kuwa maafisa walipangiwa zamu. Zamu ilisaidia sana: daktari amedunga tu, rubani amerusha ndege tu, na kila mmoja ana mkubwa wa kumtaja.

Demokrasia iliporudi, viongozi wakuu wa utawala huo walihukumiwa mwaka 1985. Kesi zilipowakaribia maafisa wa chini, baadhi yao waliasi wakati wa Pasaka ya 1987 wakiongozwa na Luteni Kanali Aldo Rico. Juni mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria namba 23.521, sheria ya obediencia debida, na maneno yake yanataka kusomwa taratibu. Haikusema mshtakiwa anaruhusiwa kujitetea kwamba aliamriwa. Ilisema ichukuliwe kuwa aliamriwa, na ushahidi wa kupinga hilo usipokelewe. Waliobaki nje ya kinga ni wabakaji, walioiba watoto, na walionyang'anya watu nyumba na ardhi zao. Kwa hiyo aliyemuua mwenye nyumba alikuwa salama, aliyeichukua nyumba hakuwa.

Wapo wanaosema Walatino hulelewa kumtii baba, padri na afande bila kuuliza. Maelezo hayo ni mepesi mno. Akina Mama wa Plaza de Mayo, wazazi wa waliopotezwa, walianza kuandamana Aprili 1977, utawala ukiwa katika ukali wake. Na kama kutouliza kungekuwa desturi tu, isingehitajika sheria ya kuwakataza majaji kuuliza.

Sheria hiyo ilianza kuanguka kwa kasoro yake yenyewe. Julio Simón, aliyekuwa polisi, aliweza kushtakiwa kwa kumchukua mtoto wa miezi minane, lakini si kwa kuwatesa na kuwapoteza wazazi wake. Mwaka 2001 Jaji Gabriel Cavallo alikataa mgawanyo huo na kuitangaza sheria hiyo kuwa batili. Bunge lilifuata mwaka 2003, Mahakama ya Juu mwaka 2005, na mwaka 2006 Simón akafungwa miaka 25.

Kipimo cha sasa kimo katika Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Amri humwokoa mtendaji pale tu mambo matatu yanapokutana: alibanwa na sheria kutii, hakujua kuwa amri ni haramu, na uharamu wake haukuwa dhahiri. Amri ya kutenda uhalifu dhidi ya ubinadamu huhesabiwa kuwa haramu dhahiri, hata mtendaji aapeje kwamba hakuliona hilo.