Kabla hujanunua pawa saplai nyingine, shika waya wa raiza

Jumamosi asubuhi kijana mmoja wa Tegeta kashuka kwenye bajaji na rigi, yaani mashine ya kuchimba sarafu za kidijitali, ya kadi sita za grafiki za RX 580, kaifunika kanga vumbi lisiingie. Salamu hazijaisha, kasema: "Fundi, hii pawa saplai ni ya tatu. Ya kwanza ya wati 1000, ikazima. Nikachukua ya 1200, ikakaa wiki mbili, ikazima. Hii ya 1600 nayo jana imezima baada ya dakika arobaini. Nitafutie ya 2000."

Sijamchoka kijana, nimeichoka hiyo kauli. Tangu Ethereum iache kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi za zamani zimeshuka bei na wanaoanza na rigi za mtumba ni wengi. Mmoja anachimba Ravencoin, mwingine Ethereum Classic. Rigi ikizingua, kila mmoja anaambiwa neno lilelile: umeme hautoshi, ongeza wati. Na watu wanaongeza, kwa hela ya kikoba, kwa hela ya ada ya mtoto, wananunua kitu ambacho hawakukihitaji. Kinachoniuma ni hapo.

Tupige hesabu. RX 580 iliyopunguzwa volti vizuri, ikichimba Ethereum Classic kama huyu kijana, inachukua wati 100 hadi 120. Zidisha kwa sita upate 720. Ongeza madabodi, prosesa na feni, tuseme 60. Jumla 780. Ile ya kwanza ya wati 1000 ilikuwa inatosha.

Nikamuuliza swali moja kuhusu raiza, vile vibodi vidogo vinavyoiinua kadi mbali na madabodi na kuiunganisha nayo kwa waya: raiza umezipa umeme kwa plagi gani? Hakujua. Tukafungua. Raiza zote sita zilikuwa kwenye kile kipande cha waya kinachokuja ndani ya boksi la raiza, huku plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, kule pini sita, raiza tatu zikigawana kebo moja. Plagi ya SATA ya katikati ilikuwa imeshageuka rangi kuwa ya kahawia. Na kipande kile kilikuwa kilekile tangu pawa saplai ya kwanza. Amenunua pawa saplai tatu, plagi inayoungua hajaibadilisha hata mara moja.

Wati 1600 ni ukubwa wa simtanki. Haukwambii chochote kuhusu bomba linaloingia bafuni. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini imepimwa kwa ampia 1.5. Jumla ampia 4.5, yaani wati 54, basi. Soketi ya PCIe, ile kadi inapochomekwa, inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75, na katika hizo 66 ni za volti 12. Kwa hiyo unachukua mlango wa wati 54 na kuufunga kwenye kitu kinachoruhusiwa kuomba 66. Siku kadi ikiomba kidogo, utaona mambo yako sawa. Siku ikiomba nyingi, plastiki inapata moto.

Hapa ndipo wengi hunibishia: "Lakini kadi yangu ina plagi yake ya pini nane, inachukua umeme huko." Ina plagi, ndiyo. Hiyo haimaanishi imeacha kuchukua kwenye soketi. Kadi nyingi zinagawa mzigo, na mgawo huo aliupanga aliyechora bodi ya kadi, wewe hukuulizwa. RX 480 ilipotoka Juni 2016 ilipimwa ikivuta zaidi ya wati 75 kwenye soketi, AMD, watengenezaji wake, wakalazimika kutoa draiva ya kuirekebisha mwezi uliofuata. Wengine wanadhani kadi ndogo ndiyo salama kwa SATA. Chukua GTX 1050 Ti isiyo na plagi kabisa. Inapata wapi umeme wake? Wote, mpaka wati ya mwisho, inaupata kwenye soketi, na kwenye rigi soketi ni raiza. Kadi hiyo inayoonekana ya kitoto ndiyo inayoweza kuibebesha raiza mzigo mzito kuliko kadi kubwa jirani yake.

Na tafadhali, ule waya wa buluu unaofanana na wa USB haupeleki umeme wa kulisha kadi. Umbo tu ndilo la USB. Unabeba mawasiliano kati ya kadi na madabodi. Umeme wote wa soketi unaingia kwa ile plagi ya pembeni ya raiza, na hata volti 3.3 inatengenezwa na kirekebishi kidogo kilicho pale pale kwenye raiza.

Sasa, kwa nini imani hii haifi? Nimeifikiria sana, na nadhani sababu ni kwamba dawa ya uongo inafanya kazi kwa muda. Kijana alisema ya wati 1200 ilikaa wiki mbili. Ukibadilisha pawa saplai unafanya nini hasa? Unachomoa kila plagi na kuichomeka upya. Pini zinakwaruzana, utando wa kutu unatoka, mguso unakuwa safi. Mara nyingi na kebo za SATA zinakuwa mpya. Rigi inatulia, mtu anawaambia wenzake kumi: nilibadilisha pawa saplai, ikapona. Wiki mbili baadaye mguso umerudi kuwa mbovu, lakini ushauri umeshafika kote. Huku kwetu pwani ndiyo mbaya zaidi. Nimefungua rigi za Kigamboni zilizokaa dirishani miezi sita, pini zina ukungu wa kijani kutokana na upepo wa chumvi.

Mguso mbovu ni hesabu rahisi. Tuseme umezidisha omu 0.05 tu. Kwa ampia 5, plagi inakula volti 0.25 na kutoa joto la wati 1.25. Ni ndogo, ila iko ndani ya kiplastiki cha ukubwa wa kidole. Panda mpaka ampia 10: volti 0.5 zimepotea, na joto limekuwa wati 5, mara nne, kwa sababu joto hufuata mraba wa ampia. Joto linalegeza mguso, mguso unaongeza joto. Ndiyo maana rigi inazima baada ya dakika arobaini, haizimi dakika ya kwanza. Pawa saplai ingekuwa haitoshi kweli, mara nyingi ingekuonyesha mara tu kadi zote zinapoanza kazi.

Basi fanya hivi. Acha rigi ichimbe nusu saa, kisha gusa kila plagi ya raiza kwa kidole, kwenye plastiki. Kama huwezi kuishika ukahesabu mpaka tano, zima. Halafu chukua multimita, pima volti nyuma ya plagi ya raiza huku kadi inafanya kazi. Kipimo rasmi kinaruhusu 11.4 hadi 12.6. Mimi nikiona chini ya 11.8 naanza kutafuta. Kisha pima kebo hiyohiyo upande wa pawa saplai. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayoliwa njiani. Pima wakati kadi zina mzigo. Vipimo vya rigi iliyotulia havina faida yoyote.

Tiba: kila raiza ipate kebo ya pini sita inayotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, au Molex, ile plagi ya zamani ya pini nne, isiyogawana na zaidi ya raiza mbili. SATA, hapana. Najua kuna watu wana rigi ya SATA imekaa miaka mitatu haijaungua. Nawaamini. Mimi nimeona chumba chenye alama ya moshi ukutani juu ya plagi ya namna hiyo, na mtoto alikuwa analala chumba cha pili. Sitakubali.

Kuna mambo mengine nayapita haraka. Kwenye BIOS, mipangilio ya madabodi, washa Above 4G Decoding, kasi ya PCIe iweke Gen1 au Gen2 usiiache ijichagulie, na sauti ya madabodi uizime. Windows na kadi nyingi inataka memori ya diski (virtual memory) iwe kubwa, la sivyo programu ya kuchimba inaanguka ikianza. Kebo za pawa saplai moja usizipeleke kwenye nyingine hata kama zinaingia: upande wa kadi ni sanifu, upande wa pawa saplai kila kiwanda kina mpangilio wake, na utaua kadi kwa sekunde.

Ukiwa na pawa saplai mbili, raiza na kadi yake vilishwe na moja ileile. Wapo mafundi wazuri ninaowaheshimu wanaochanganya na hawajaona tatizo. Mimi nimewahi kutuliza rigi mbili kwa kurudisha tu mpangilio huo, lakini nilikuwa nimegusa plagi wakati huohuo, kwa hiyo siwezi kukuapia kilichoponya ni kipi.

Jifunze pia kutofautisha namna ya kufa, kwa sababu watu huniambia "inazima" kwa mambo manne tofauti. Rigi nzima ikikata ghafla na pawa saplai haiwaki mpaka uchomoe waya wa ukutani, hapo ulinzi wa pawa saplai umekata: tafuta shoti au mzigo uliozidi, na hapo ndipo mazungumzo ya wati yana maana. Rigi ikiganda huku feni zinazunguka, tazama raiza na ile kebo ya buluu. Kadi moja ikipotea na nyingine zikaendelea, soma logi kabla hujawasha upya. Kwa NVIDIA kwenye Linux utaona Xid 79, ikisema kadi imeanguka kutoka kwenye basi. Watu wakiona hivyo wanazika kadi. Si lazima iwe imekufa! Mfumo umepoteza mawasiliano nayo. Hamisha raiza yake kwenye kadi jirani: tatizo likiifuata raiza, umeshapata jibu kwa bei ya raiza. Na kama hakuna kinachoanguka ila hashi mbovu, yaani majibu ya kuchimba yaliyokosewa, zinaongezeka, hiyo ni memori iliyosukumwa kupita kiasi.

Ile programu ya mlinzi inayowasha rigi upya yenyewe, izime wakati unatafuta tatizo. Inafuta ushahidi. Nimekutana na rigi iliyokuwa inajiwasha mara kumi na moja kwa siku na mwenyewe anaamini imetulia kwa sababu kila akiitazama inachimba.

Kuhusu ovakloki, yaani kusukuma kasi ya kadi, ndiko nina mashaka na ushauri wangu mwenyewe. Nilikuwa nikisema: rigi ikikaa saa 24 bila kosa, namba ziko sawa. Sisemi tena. Nimepanga kasi ya memori wakati wa kusi, Julai, usiku una ubaridi, kadi ikakaa wiki sita haijakohoa. Ikaingia kaskazi, Februari, chumba cha bati kinachemka, kadi ileile kwa namba zilezile ikaanza kuanguka mchana. Kwa kadi kama RTX 3080 ni vigumu zaidi, kwa sababu joto la kiini linaweza kusoma 60 huku memori ya GDDR6X iko karibu na nyuzi 110, ambapo kadi yenyewe hujipunguza kasi. Feni inafuata kiini, memori inaungua kimya. Siku hizi napanga namba, kisha narudisha memori nyuma kidogo. Kidogo kiasi gani? Kwa RX 580 narudi megahetsi 50. Hakuna kitabu kilichonipa hiyo 50, ni mkono umezoea.

Na niwe mkweli kwa wapenzi wa pawa saplai kubwa: kuna mahali inasaidia. Umeme wa ukutani ukipepesa, pawa saplai nzuri yenye mzigo mzito inashikilia kwa takriban milisekunde 16. Ikiwa na mzigo mwepesi inashikilia zaidi. Mitaa ambayo taa zinafumba jicho kila jioni, au nyumba yenye stabilaiza ya releyi inayogonga "tak" kila volti ikicheza, wati za ziada zinaweza kukuvusha. Lakini hapo rigi yako itakuwa inajiwasha upya wakati uleule taa zikicheza, na utaweza kuliona kwa macho.

Rigi ya Tegeta tumeifunga upya: kebo za pini sita kwa raiza zote, pini zimesafishwa kwa spiriti, na tumeirudishia ile pawa saplai ya wati 1000 aliyokuwa ameitupa stoo. Ina siku tisa. Kadi ya nne imepotea mara moja, siku ya saba, saa nane mchana. Nimeipa raiza ya kadi ya pili na kuishusha memori megahetsi 50. Najua nimegusa vitu viwili kwa mpigo, ila kijana anadaiwa na kikoba chake Ijumaa. Raiza iliyotoka nimeifunga uzi mwekundu, iko kwenye kadi ya pili, nasubiri ni ipi itaanguka.