Mlatino aliyebadili jinsia anapobisha hodi kutafuta tiba ya uraibu

Nchini Marekani, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwahoji watu 27,715 waliobadili jinsia, wa asili zote. Asilimia 29 walikuwa wametumia bangi, dawa za kulevya au dawa za hospitali bila kuandikiwa na daktari katika mwezi uliotangulia. Kwa Wamarekani kwa jumla ilikuwa asilimia 10.

Wengi wakisikia hivyo huilaumu jinsia. Sisi wa afya ya jamii tunaangalia maisha. Mlatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) aliyefukuzwa nyumbani, ambaye kitambulisho chake hakilingani na sura yake na anayewaogopa maofisa wa uhamiaji, ni nani atamwajiri? Baadhi huishia kuuza miili ili wapate kodi ya chumba. Huko metamfetamini, dawa ya kulevya inayochangamsha mwili, humwezesha mtu kukesha na kuzima woga, lakini kondomu nayo husahaulika. Wengine hujidunga homoni za mtaani kwa sindano za kuchangia. Kati ya 2019 na 2020, wanawake waliobadili jinsia (waliozaliwa wakihesabiwa wanaume) walipimwa VVU katika miji saba, ikiwemo Los Angeles na New York. Miongoni mwa Walatino, asilimia 35 walikuwa na maambukizi.

Kinachotuumiza zaidi ni kwamba hata anayetaka kuacha hukwama mlangoni. Mwanamke aliyebadili jinsia anapangiwa kitanda katika wodi ya wanaume, anaitwa kwa jina aliloliacha zamani, na mshauri hajui Kihispania. Katika majimbo mengi, asiye na hati za ukaazi hana Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, isipokuwa kwa dharura. Mtu huyo akitoroka siku ya pili, tusiseme hakuwa na nia.

Bamby Salcedo, mwanamke aliyebadili jinsia na mzaliwa wa Mexico, ameeleza hadharani jinsi alivyopitia dawa za kulevya na jela. Mwaka 2009 alianzisha TransLatin@ Coalition, shirika la kuwatetea Walatino waliobadili jinsia, lenye makao Los Angeles. Huduma zinazoendeshwa na watu waliopitia njia hiyohiyo ndizo tunazozipendekeza kwanza.

Kuhusu fentanili, dawa kali ya jamii ya afyuni inayoweza kuua kwa kiasi kidogo sana, msisubiri: vidonge bandia vya mtaani mara nyingi huwa nayo bila mnunuzi kujua. Tangu 2023, nalokisoni ya kupuliza puani, dawa inayomzindua aliyezidiwa na dawa kama hizo, inauzwa Marekani bila cheti cha daktari. Ukimkuta mtu haamki na anapumua kwa shida, mpulizie, piga 911 (nambari ya dharura ya Marekani), na usimwache peke yake hadi msaada ufike.