Je, wajua kwa nini mfanyakazi wa kampuni tajiri Marekani hupokea msaada wa chakula wa serikali?

Wengi tukisikia Mmarekani fulani anapokea msaada wa chakula, tunadhani hana kazi. Mwaka 2020, GAO, ofisi inayoikagua serikali kwa niaba ya Bunge la nchi hiyo, ilipekua takwimu za kitaifa na kumbukumbu za majimbo kadhaa ikakuta mambo mengine. Iliangalia watu wazima wenye ajira wanaopata SNAP, yaani fedha za chakula zinazoingizwa kwenye kadi kila mwezi, au Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato cha chini. Takriban asilimia 70 yao walikuwa wakifanya kazi saa 35 au zaidi kwa wiki. Na waajiri waliojitokeza sana kwenye orodha hawakuwa wenye vioski. Walmart, wenye maduka makubwa, na McDonald's, wenye migahawa, walikuwemo.

Inakuwaje? Tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Fanya kazi saa 40 kila wiki, mwaka mzima, bila kuugua wala kwenda msibani, utapata dola 15,080. Mwaka 2024 mstari wa umaskini kwa mtu anayeishi peke yake ulikuwa dola 15,060. Umeuvuka kwa dola 20! Mama mwenye watoto wawili mstari wake ulikuwa dola 25,820, na SNAP kwa kawaida humfikiria hata mwenye kipato cha asilimia 130 ya mstari huo.

Mtu atasema kampuni kubwa siku hizi hulipa zaidi ya dola 7.25, na ni kweli. Ila ujira wa saa ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni saa zenyewe. Mama yuleyule akilipwa dola 15 lakini akapangiwa saa 30 kwa wiki, mwaka unampa dola 23,400. Bado yuko chini ya mstari. Tena sheria ya bima ya afya ya enzi za Obama humtaka mwajiri mkubwa awape bima wanaofikisha wastani wa saa 30 kwa wiki, kwa hiyo zamu za saa 28 zina faida yake, ila si kwa anayezifanya. Zamu zenyewe zikibadilika kila wiki kufuata wingi wa wateja, kazi ya pili nayo inakuwa shida kuipata. Halafu kadi ya SNAP hutumika dukani, na hakuna muuzaji anayepokea fedha nyingi za SNAP kuliko Walmart.

Basi anayesaidiwa ni mfanyakazi au mwajiri? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1795, bei ya mkate ilipopaa, mahakimu wa Berkshire huko Uingereza walikutana Speenhamland wakaamua parokia ziwaongezee vibarua kipato kulingana na bei ya mkate na ukubwa wa familia. Wakosoaji walilalamika kwamba wenye mashamba wamepata kisingizio cha kutopandisha ujira, na mwaka 1834 sheria mpya ya maskini ikauzika utaratibu huo.

Kwa maoni yangu, jibu limo kwenye masharti ya msaada. Mtu anayepewa msaada awe na kazi au asiwe nayo anaweza kuikataa kazi ya kinyonyaji, na mwajiri anayemtaka itabidi apandishe dau. Msaada wa sharti la kufanya kazi, kama ule unafuu wa kodi wa EITC ulioanza mwaka 1975, huwaingiza watu wengi zaidi kwenye soko la ajira. Wakigombania nafasi zilezile ujira hudidimia, na sehemu ya fedha ya umma huishia kwa bosi. SNAP iko katikati. Tangu sheria ya mwaka 1996, mtu mzima mwenye nguvu asiye na mtoto wa kulea, asipofikisha saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi, hupewa miezi 3 tu katika kila miaka 3. Kwa hiyo anayesema walipa kodi wanailipia Walmart mishahara yuko sahihi nusunusu.

Kwetu hesabu hii si ngeni. Kenya ya kikoloni ilimlipa kibarua wa mjini ujira wa mseja, kwa dhana kwamba mke na watoto watakula shambani kijijini. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza ujira wa Waafrika, iliukosoa mtindo huo mwaka 1954 ikapendekeza ujira wa kutosha familia. Pengo ambalo Marekani linazibwa na hazina ya serikali, huku lilizibwa na jembe la mwanamke.

Mwaka 2018 Seneta Bernie Sanders na Mbunge Ro Khanna walipeleka muswada wa kuzitoza kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi kodi sawa na msaada wanaopata wafanyakazi wao. Jina lake lilifinyangwa makusudi lisomeke BEZOS, jina la mwanzilishi wa Amazon. Kasoro yake ilionekana mapema: mwajiri angewakwepa akina mama wanaolea peke yao, maana ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuhitaji msaada. Muswada haukupita, ingawa Amazon ilitangaza wiki chache baadaye kuanza kulipa dola 15 kwa saa. California imepita njia nyingine: tangu Aprili 2024, minyororo ya migahawa ya chakula cha haraka yenye matawi 60 au zaidi kote Marekani hulazimika kulipa angalau dola 20 kwa saa, awe mfanyakazi ana kadi ya SNAP au hana.