Ngoma ya juzi na jani la isale

Kila nikiandaa vijana wa Moshi wanaokwenda Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana vijana, swali la kwanza huwa lile lile: "Madam, usiku wa utamaduni tutavaa sare gani?" Nalielewa. Kundi langu la kwanza nililivisha mashuka mekundu, nikaliazimia mikuki ya duka la vinyago, likaruka kimasai. Mmasai hakuwemo hata mmoja: watatu wa Kibosho, Mpare mmoja wa Same, na binti mzaliwa wa Majengo. Walipomaliza, mzee mmoja akauliza, "Hii kwenu huchezwa lini?" Kijana akajibu ukweli wake: "Tumejifunza juzi, YouTube." Mimi nikatazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo sare nimeacha. Mwezi mzima kabla ya safari nawarudisha kwa bibi zao na maswali matatu: jambo hili hufanywa lini, nani haruhusiwi kulifanya, na likikosewa inakuwaje? La tatu ndilo lenye utamu. Chukua mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi. Ndizi mbivu zilizopikwa, kimea cha ulezi, gome la msesewe la kutia uchungu, hayo hata watalii wanayajua. Lakini kijana akieleza kwa nini anayekukaribisha huonja kwanza kabla ya kukupa kata, na mgeni angefikiri nini kama asingeonja, hapo wenyeji huanza kuuliza maswali yasiyokatika.

Na wao wanaokuja kwetu nawapa kazi hiyo hiyo. Tarehe 5 Desemba mwaka mmoja, Mjerumani aliyekuwa anaishi na familia moja ya Shanty Town, mtaa wa hapa Moshi, aliomba familia nzima itoe viatu nje ya mlango usiku. Kwao watoto hufanya hivyo, asubuhi ya tarehe 6, sikukuu ya Mtakatifu Nikolai, wanakuta karanga, machungwa na peremende ndani. Mama mwenye nyumba akamtazama. "Baba, hapa ukiacha viatu nje, asubuhi hukuti chungwa wala kiatu." Wakakubaliana vikae sebuleni. Peremende zikaja na sisimizi, lakini wale watoto hadi leo wanaijua sikukuu hiyo kuliko sherehe yoyote niliyowahi kuwaandalia ukumbini.

Sasa isale. Binti wa Marangu alipotoka kwa bibi yake alikuwa ameamua: atakwenda na majani ya isale. Kwa wasio wa kwetu: ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Ukimkosea mtu, unamtuma mshenga na jani la isale, na aliyekosewa akishaletewa hana budi kukusikiliza. Kulikataa ni jambo zito. Bibi alimweleza habari ya mashemeji wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mfereji wa maji, mpaka isale lilipopelekwa.

Ilibidi nimkatishe tamaa. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na mimea bila cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi. (Ndizi imo. Mchagga mwenye akili alikuwepo kwenye kikao kile, sina shaka.) Akaondoka mikono mitupu, amenuna.

Wiki ya pili akanipigia simu akicheka mpaka maneno hayatoki. Isale lilikuwa pembeni ya televisheni ya wenyeji wake, kwenye chungu, limefutwa vumbi linang'aa. Huko ni pambo la nyumba, linauzwa madukani. Wale watu wamelimwagilia miaka yote bila kujua wanafuga msamaha sebuleni. Jioni ile hakuhitaji ukumbi wala kipaza sauti. Aliwaita mezani, akashika jani bila kulikata, akawasimulia habari ya mashemeji na mfereji. Kaka wa nyumba ile akauliza, je, mtu akikosea kila wiki, mmea si utaisha? Binti akamjibu, "Bibi yangu naye alisema hivyo hivyo kuhusu babu."

Mwezi uliofuata alinitumia picha ya kile chungu. Jani moja la chini limekatwa, kisiki kibichi bado kina utomvu. Nilimuuliza ni nani aliyemkosea nani. Akanijibu, "Madam, hayo ni ya nyumbani."