"Steringi Hafi" na Mengine Tunayodanganyana Kuhusu Muvi

Jumamosi jioni sebule yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, hujaa. Majirani huja na viti vyao, watoto hukaa mkekani, mlango tunaufunga mapema kwa sababu ya vumbi. Kuchagua muvi ni kazi yangu, na kila wiki nasikia pingamizi zilezile. Nimeona nizijibu, maana zinawanyima watu vitu vizuri mno.

"Muvi isiyo na rangi inaboa"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na haina ukweli hata chembe. Juzi niliweka Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya Italia, mwaka 1948. Vijana wawili wa bodaboda walipoona picha nyeusi na nyeupe wakaanza kuaga. Basi kuna baba mmoja mjini Roma, vita vimeisha, ajira hakuna. Anapata kazi ya kubandika mabango, ila sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani, wanayapeleka yawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Mhudumu analichukua furushi lao, anapanda nalo kwenye rafu, na hapo unaona mafurushi ya mashuka ya watu wengine yamepangwa kwenda juu, juu zaidi. Sebule nzima ilinyamaza. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibwa.

Mmoja wa wale vijana anaendesha pikipiki ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Aliketi tena. Baba na mwanawe wakizunguka mji kuitafuta baiskeli, yeye alikuwa ameshasogea mbele kabisa, viwiko magotini. Ilipoisha akaniuliza kama yule ni mwigizaji kweli. Hakuwa. Lamberto Maggiorani alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, De Sica akampa nafasi ya kwanza kwenye muvi. Ukitaka pa kuanzia, anzia hapo. Ni saa moja na nusu tu.

"Bila ngumi na risasi hakuna muvi"

Tafuta 12 Angry Men ya Sidney Lumet, Marekani, 1957. Wanaume 12 wamefungiwa chumbani siku ya joto kali, waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kura ya kwanza, 11 wanasema anayo, mmoja anakataa. Huku kwetu tulizoea wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji na kumpa maoni. Kwa Wamarekani hao, wale 12 wenyewe ndio wenye neno, na lazima wote wakubaliane. Itazame kamera: mwanzoni inawaangalia kutoka juu kidogo, mabishano yakipanda yenyewe inashuka, mpaka mwishoni unaiona dari na kuta kama zinawabana. Risasi hakuna hata moja, na hutatoka kwenda kuchota maji.

Halafu kuna wanaoapa kwamba steringi hafi. Waonyeshe Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960. Yule uliyemshika kuwa ndiye steringi anauawa bafuni kabla muvi haijafika katikati, na kuanzia hapo hujui umshike nani. Hao hao hudai muvi ya kutisha lazima imwage damu. Damu ya pale bafuni ni shira ya chokoleti, na mengi unayoamini umeyaona umeyajaza mwenyewe kichwani. Watoto walale kwanza.

"Katuni ni za watoto"

Grave of the Fireflies, Japani, 1988, ya Isao Takahata. Kaka na mdogo wake wa kike, vita, njaa. Usiwawekee wadogo, na wewe mwenyewe usiitazame siku una huzuni.

Tuzo nazo zisikuendeshe. The Shawshank Redemption ya 1994 iliteuliwa mara 7 kwenye Oscar, haikupata hata moja, na ilipotoka mara ya kwanza kwenye majumba ya sinema haikurudisha gharama zake. Leo muulize mpenzi yeyote wa muvi.

Na anayesema Afrika hatuna muvi za kiwango hajaiona Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1987. Karibu zaidi ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ni Kiswahili chetu, Zanzibar ya miaka ya 1950, na ilitwaa Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage, Tunisia. Inaniuma kwamba wengi waliosoma kitabu hawajui hata kama muvi ipo.

"Isipotafsiriwa hatuelewi"

Bibi yetu alipokuja kutoka Mvumi nilimwekea The Gold Rush ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1925, muvi bubu. Bibi ni wa Kigogo, Kiswahili kwake ni cha sokoni. Chaplin ana njaa, anachemsha kiatu, anakikata kwa adabu kama nyama ya sikukuu, kamba anazizungushia uma kama tambi, misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Kile kiatu kilitengenezwa kwa peremende nyeusi ya likorishi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Asubuhi, chai haijaiva, akauliza kama yule mla viatu atakuja tena leo.